Bi Majivu na Udongo Uliozama

Hebu mchore akilini jinsi anavyoingia. Saa moja na robo asubuhi, mlango wa nyuma wa maabara, ule wa chuma unaogoma kufunguka mpaka uutie bega. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mikono mipana, koti jeupe lililochoka kwa kufuliwa, na kwenye mfuko wa kushoto tundu la kuungua lenye ukubwa wa kifungo. Anautia mlango bega, mlango unaachia, naye anauambia, "Na wewe, kila siku lazima ubembelezwe?" Kisha, kabla ya kutundika mkoba, kabla ya kumsalimia mtu, anakwenda kwenye tanuri lililo pembeni na kuliwekea kiganja ubavuni, kama mama anayempima mtoto homa.

Jina lake lipo kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakoishi. Kazini wote humwita Bi Majivu. Lilianza kama utani, kwa sababu ya vumbi la kijivu lililokuwa haliachani na nyusi zake. Alilisikia, akacheka, akalichukua. "Afadhali Bi Majivu kuliko Bwana Makelele," alimjibu yule aliyelianzisha, na yule aliyelianzisha, ambaye sauti yake husikika mpaka kituo cha basi, alinyamaza wiki nzima.

Kazi yake, ukiitazama kwa juu juu, ni kuchoma udongo. Usicheke. Mama yake mzazi alicheka, akamwuliza, "Mwanangu, udongo umekukosea nini?" Lakini sikiliza ilivyo.

Mbali sana, upande wa kaskazini wa dunia, kuna nyanda ziitwazo tundra. Hazina miti, na chini ya majani yake mafupi ardhi imeganda mwaka mzima. Jani likifa huko halimalizi kuoza. Baridi inalishika, jingine linakuja juu yake, na jingine, maelfu ya miaka, kama nguo zilizosahauliwa sandukuni. Ndani ya majani hayo imo kaboni, ile yaliyoivuta hewani yalipokuwa hai yakajijengea miili. Sasa dunia inapata joto. Barafu ya ardhini inalegea, vijidudu vinaamka na njaa yao ya miaka mingi, vinakula, na kila vikila vinapumua. Kaboni inarudi hewani kwenda kuongeza joto lilelile lililoviamsha.

Watafiti wa huko walitaka kujua jambo moja tu: kaboni iliyomo ardhini inapungua au haipungui? Basi kwa miaka sita, kila msimu wa joto ulipokwisha, walitoboa uwanja uleule, wakatoa nguzo nyembamba ya udongo yenye urefu wa mita moja kutoka juu, wakaikata vipande kumi, wakavigandisha na kuvituma kwa sanduku. Wao wachimbe, maabara hii ipime. Ndivyo walivyokubaliana.

Kipande kikifika kwa Bi Majivu anakikausha, anakipima, kinasagwa, halafu anachota kijiko kimoja na kukiweka kwenye kikombe kidogo cha kauri, cheupe, kisichozidi kidole gumba. Kikombe kinaingia tanurini kwa saa tano. Mabaki ya mimea yote yanaungua na kupotea. Kinachobaki ni majivu, yaani ule mchanga na udongo wa mfinyanzi ambao moto hauna la kuufanya. Unapima tena. Kilichopungua ndicho kilichokuwa mmea, na humo ndimo ilimokuwa kaboni.

Alifika pale miaka ishirini na sita iliyopita akiwa mfagizi. Hakusomea. Alifagia taratibu kuliko inavyohitajika, macho yake yakiwa kwa mchomaji wa wakati huo, mpaka mchomaji akamwambia, "Dada, weka ufagio chini, njoo ushike hili koleo kabla hujanimaliza kwa macho." Tangu siku hiyo hajalitua. Na kitu anachojivunia si kuchoma, maana kuchoma kunafanywa na tanuri. Anajivunia kuosha. Kila kikombe kina namba. Kinaloweshwa, kinasuguliwa kwa brashi laini, kinasuuzwa mara nne, kinachomwa kitupu, kinapimwa, ndipo kinapewa udongo. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuvigusa.

Sasa utaelewa kwa nini yaliyotokea Jumatatu ile yalimchoma kuliko tanuri.

Kila Jumatatu saa nne wote hukutana chumba cha chai. Meza ndefu, viti visivyofanana, birika linalovuja mdomoni. Mkuu mpya wa idara, ambaye wote humwita Daktari ingawa ni daktari wa udongo na hajawahi kumpima mtu, alisimama na karatasi zake. Kijana wa miaka thelathini na kitu, ana miezi minane pale, si mtu mbaya, ila ni mtu wa haraka. Hata chai huinywa amesimama.

"Ndugu zangu, ripoti ya tundra iko tayari," alisema. "Miaka sita. Kaboni iliyomo kwenye ile mita moja ya udongo haijabadilika. Ni habari njema. Ila kuna doa moja, na sipendi kulificha." Akatazama karatasi badala ya kumtazama mtu. "Majivu yanaongezeka. Kila mwaka kijiko kilekile cha udongo kinaacha majivu mengi zaidi. Majivu hayana miguu, hayawezi kuingia ardhini yenyewe. Yanatoka kwenye vikombe visivyooshwa vizuri: ya jana yanabaki, ya leo yanaongezwa juu yake. Nitaandika kwenye ripoti kwamba upande wa tanuri kulikuwa na uzembe."

Vijiko vikaacha kukoroga. Macho yote yakamgeukia Bi Majivu.

Bi Majivu akatua kikombe chake cha chai mezani, polepole, kama vile nacho kina namba.

"Daktari, huo uzembe umeuona au umesimuliwa?"

"Nimeuona kwenye namba, Mama."

"Uliwahi kuja kunitazama nikiosha?"

"Sijapata nafasi, lakini namba..."

"Basi namba zina bahati, zimepata nafasi. Mimi nimezaa watoto watatu, na vikombe vile nimeviosha kuliko nilivyowaosha wao. Waulize, watakulalamikia."

Watu wakacheka. Daktari hakucheka, na hilo ndilo lililoharibu. Mchana alimletea barua mkononi. Ilisema: nakiri kwamba sikusafisha vyombo ipasavyo. Chini, mstari wa kutia sahihi. Akisaini, atahamishiwa kwenye sinki la kuoshea chupa, na jambo litakwisha. Asiposaini kufikia Ijumaa, atakabidhi ufunguo wa tanuri na faili lake litakwenda kwenye kamati ya nidhamu. Ripoti yenyewe ilikuwa itumwe Jumatatu inayofuata.

Aliisoma mara mbili. Akaikunja nne, akaitia kwenye ule mfuko wenye tundu.

"Kalamu ninayo," alimwambia Daktari. "Sababu ndiyo sina."

"Mama, hili ni jambo dogo tu."

"Kama ni dogo, saini wewe."

Siku ya pili alifanya alichokijua. Alichukua vikombe ishirini na vinne, akavipima vitupu, akavichoma vitupu, akavipoza na kuvipima tena. Alitaka shahidi, akamwita Baba Friji, mzee anayetunza chumba cha baridi, ambaye huvaa sweta mbili hata jua likiwa la kupasua mawe. Mzee akakaa kwenye kigoda kilicho karibu na tanuri, akafungua vifungo vya sweta ya kwanza.

"Leo nimeitwa peponi," alisema. "Nisome nini?"

"Soma hapo kwenye mizani, kaka. Kwa sauti. Usinisaidie hata kidogo."

Mzee akasoma. Kikombe cha kwanza, kabla na baada, sawa mpaka tarakimu ya nne baada ya nukta. Cha pili, sawa. Cha tisa, sawa. Kilipofika cha ishirini Baba Friji alisema, "Dada, hivi vikombe ni visafi kuliko roho yangu."

"Hiyo si kazi ngumu, kaka."

Wakacheka wote wawili. Lakini alipobaki peke yake hakucheka. Kujua kwamba si yeye ni jambo moja. Kujua ni nani ni jambo jingine. Aliyafungua madaftari yake ya miaka sita. Namba zilimtazama. Ni kweli, majivu yaliongezeka: mwaka wa pili kidogo, mwaka wa tatu zaidi, mwaka wa sita mpaka unashangaa. Daktari hakuzua. Yalitoka wapi?

Alirudi nyumbani jioni na swali hilo kichwani, akakuta vita sebuleni.

Mumewe ni fundi wa magodoro ya sufi. Sebule yao ndiyo karakana, na nyuzi nyeupe za sufi ziko kila mahali, kwenye redio, kwenye chumvi, kwenye nywele za wageni. Siku hiyo mteja alikuwa dada wa fundi, yaani wifi yake Bi Majivu, mwanamke ambaye akikupenda atakutukana na akikuchukia atakunyamazia. Alikuwa amelifungua godoro lake la miaka mitano katikati ya chumba, ameshika konzi ya sufi, anaipeleka puani kwa kaka yake.

"Tazama! Nilitaka sufi, umenijazia mbegu!"

"Dada, punguza sauti, majirani."

"Majirani waje! Konzi moja, nimehesabu mbegu kumi na moja. Lilipokuwa jipya nilihesabu tatu. Mimi nahesabu, usinione hivi. Wifi, njoo uone mumeo alivyo mwizi!"

"Mimi niko upande wako, wifi," alisema Bi Majivu akivua viatu. "Nimeishi naye miaka thelathini, hata soksi ya mguu mmoja huiba."

Fundi hakukasirika. Aliweka chini shazia, ile sindano yake kubwa, akamshika dada yake mkono, akamkalisha.

"Sikiliza, dada yangu. Hakuna sufi duniani isiyo na mbegu mbili tatu. Ziliingia humu siku ya kwanza, na ni zilezile. Hakuna aliyeongeza hata moja. Wewe ukijigeuza usiku, sufi inatoka kidogo kidogo kwenye kitambaa, vumbi jembamba, unalifagia asubuhi bila kujua ni godoro lako. Mbegu je, inaweza kupenya kitambaa? Haiwezi. Inabaki. Sufi ikiondoka na mbegu zikabaki, konzi moja itakuwa na mbegu nyingi. Mbegu hazijaongezeka. Zimeachwa."

"Maneno. Kama sufi imetoka, mbona nikichomeka mkono hapa naona imejaa? Shibiri nzima, imejaa!"

"Imejaa kwa sababu imelala, imeshindiliwa. Na hiyo shibiri yako, hebu chomeka tena mpaka mwisho. Umegusa nini?"

Wifi akachomeka. Akapapasa. "Blanketi."

"Blanketi kuukuu ulilotandika chini ya godoro. Zamani shibiri yako iliishia katikati ya sufi. Sasa godoro limezama, shibiri ni ileile, inafika mpaka blanketini. Unahesabu blanketi unasema ni godoro."

Bi Majivu alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi.

"Mume wangu," alisema, "rudia hayo."

"Yapi?"

"Yote. Kuanzia mbegu."

"Wifi, usimwambie arudie," alilalamika dada mtu. "Akirudia ataamini ana akili."

Akarudia. Bi Majivu alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya rundo la sufi, kiatu bado mkononi, akaanza kucheka peke yake. Mumewe alifikiri amepatwa na jambo. Lakini yeye alikuwa anaiona ile ardhi ya mbali ambayo hajaikanyaga na hatoikanyaga. Barafu imeyeyuka, maji yamekwenda zake, udongo umelala chini kama godoro la wifi. Vijidudu vimekula majani ya kale, kaboni imetoka kama vumbi la sufi. Majivu hayaliwi, hayapumuliwi. Yameachwa. Na mita ya wachimbaji, inayoanza kupimwa kutoka juu kila mwaka, imeshuka pamoja na ardhi hadi inafika kwenye udongo ambao mwaka wa kwanza haukuhesabiwa kabisa. Wageni wanaingia kwenye hesabu kama wenyeji, wanaziba nafasi ya waliohama, na ripoti inasema hakuna aliyeondoka.

Lakini wazo ni wazo tu. Je, ardhi ilizama kweli?

Jumatano asubuhi hakuligusa tanuri. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha baridi.

"Kaka, vile vifuniko vya masanduku ya tundra ulivitupa?"

Baba Friji akajikuna sikio. "Nilikatazwa kuviweka. Kwa hiyo nimeviweka vizuri."

Vilikuwa nyuma ya rafu, mbao nyembamba, amevipanga kuzuia maji ya sakafuni. Wachimbaji wana desturi yao: kila wakifunga sanduku huandika kwenye kifuniko, kwa kalamu ya wino mzito, tarehe, namba ya shimo, na kimo cha bomba. Pale uwanjani kuna bomba la chuma lililopigiliwa chini sana, mpaka kwenye mwamba, halipandi wala halishuki. Wao hupima limetokeza kiasi gani juu ya udongo, wanaandika, wanaendelea. Huku maabara fomu haikuwa na nafasi ya bomba. Kifuniko kilibanduliwa kwenye chumba cha baridi, kikaishia kwenye maji ya sakafuni, na hakuna aliyekisoma kwa miaka sita.

Walivitoa kimoja kimoja, wakavifuta kwa mkono wa sweta. Mwaka wa kwanza: bomba limetokeza sentimita kumi na mbili. Mwaka wa pili kumi na tano. Halafu ishirini. Mwaka wa sita: thelathini na nne.

"Limeota hilo bomba?" aliuliza Baba Friji.

"Halijaota, kaka. Ardhi ndiyo imeliacha juu."

Alhamisi kutwa alipiga hesabu kwenye daftari la mistari, kwa penseli, kwa mkono wake wa mtu aliyeishia darasa la nane. Alijumlisha majivu yote yaliyokuwamo kwenye mita ya mwaka wa kwanza, kipande kwa kipande. Halafu akaichukua nguzo ya mwaka wa sita, akaanza juu, akajumlisha majivu yake mpaka yalipolingana na yale ya kwanza. Hapo akaweka mstari. Ilikuwa robo tatu ya kipande cha nane. Yaani ile mita yote ya zamani ilikuwa imebanwa kwenye sentimita sabini na saba na nusu. Vifuniko vilisema sabini na nane. Nusu sentimita ya ugomvi. Kisha akahesabu kaboni iliyo juu ya mstari tu, bila wageni.

Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu, akiomba awe amekosea, maana jibu halikuwa la kufurahia. Sehemu moja katika kila sita ilikuwa imeondoka.

Ijumaa, saa nane mchana, aligonga mlango wa Daktari. Aliingia na daftari, na nyuma yake Baba Friji amekumbatia vifuniko sita.

"Umeleta barua, Mama?"

"Nimeleta kuni."

Vifuniko vikashushwa mezani juu ya ile ripoti. Bi Majivu hakuketi. Alianza na vikombe ishirini na vinne, akaenda kwenye bomba, akaja kwenye mstari wa kipande cha nane. Hakutaja mbegu wala blanketi. Alijua vijana wa vyeo hawapendi kufundishwa kwa magodoro.

Daktari alisikiliza kwa haraka yake, kisha akasema, "Inawezekana ni vumbi. Upepo unapeleka mchanga uwanjani, majivu yanaongezeka."

"Upepo unaweka juu. Ingekuwa upepo, kipande cha kwanza kingeongezeka peke yake. Hivi vyote kumi vimeongezeka. Upepo gani unaochimba mita nzima?"

"Na joto linaleta vichaka, Mama. Mimea inakua zaidi kuliko zamani, inaingiza kaboni mpya ardhini."

"Inaingiza, sijakataa. Imo kwenye hesabu yangu, kipande cha kwanza na cha pili, itazame. Lakini kinachoingia kwa dirisha hakijafikia kinachotoka kwa mlango."

Daktari akavuta daftari. Akatoa kikokotoo. Kwa mara ya kwanza tangu afike pale, aliketi. Dakika ishirini alibonyeza tu, akafuta, akabonyeza. Baba Friji akafunga vifungo vya sweta, akavifungua, akavifunga. Mwishowe Daktari akakisukuma kikokotoo mbali naye.

"Nilikuwa niwaandikie watu duniani kwamba hakuna kilichopotea," alisema taratibu.

"Ulikuwa uwaandikie hivyo, na jina langu limewekwa chini yake kama doa."

"Nitabadilisha ripoti. Tutapima kwa majivu, si kwa mita." Akanyoosha mkono. "Nipe ile barua niichane. Yameisha, Mama. Rudi kwenye tanuri lako."

Bi Majivu akaitoa barua kwenye mfuko wake. Ilikuwa imekunjwa nne vilevile. Hakumpa.

"Hayajaisha, Daktari. Uliniambia wapi kwamba mimi mchafu?"

"Sikusema mchafu, nilisema uzembe."

"Wapi?"

"Chumba cha chai."

"Mbele ya nani?"

Daktari akasugua paji la uso. "Mbele ya wote."

"Basi hapa tuko watatu, na huyu kaka yangu anajua tayari. Waliosikia lile la kwanza wasikie na la pili. Palepale, Jumatatu, saa ileile."

"Mama, mimi ni mkuu wa idara. Nikisimama niseme nilikosea, kesho nani atanisikiliza?"

"Na mimi ni mkuu wa vikombe. Ukinyamaza, kesho nani ataamini majivu yangu? Sanduku jipya linakuja wiki ijayo. Hesabu yako yote sasa imesimama juu ya majivu, na majivu yamesimama juu ya vikombe. Wakisema huko nje, 'yule mama wa vikombe vichafu,' ripoti yako mpya nayo imekwenda na maji."

Daktari aliinamia tena lile daftari. Ila hakumdai ufunguo.

Jumamosi na Jumapili Bi Majivu alimsaidia mumewe kulishona godoro la wifi, naye wifi akasimamia, akihesabu mbegu.

Jumatatu ikafika. Chumba cha chai kikajaa. Sanduku la saba la tundra lilikuwa limewasili asubuhi hiyo, linafuka baridi kwenye korido, na kila aliyepita alilitazama. Daktari alisimama na karatasi. Alieleza, kwa sauti nzuri ya kusikika mpaka dirishani, kwamba ripoti imebadilika, kwamba ardhi imezama na kaboni imepungua kwa kiasi cha kutisha, kwamba kuanzia sasa watapima kwa majivu. Watu wakashangaa, wakaulizana, kiti kikaburutwa, mtu akajimiminia chai. Na ndani ya ghasia hiyo, akiwa amekwisha kugeuza ukurasa, Daktari akasema kwa chini chini, "Na kuhusu vikombe, ilibainika havikuwa na tatizo," kisha akaingia kwenye zamu za kusafisha madirisha.

Waliokaa karibu walisikia. Mwisho wa meza yule Bwana Makelele alimwinamia jirani yake: "Amesema nini kuhusu vikombe?" Jirani akapandisha mabega.

Baba Friji akamtazama Bi Majivu. Ufunguo wa tanuri ulikuwa kiganjani mwa mama huyo, na barua bado ilikuwa mfukoni, haijasainiwa wala kuchanwa. Kwenye korido barafu ya sanduku ilikuwa imeanza kutoa jasho, na udongo ule ukilegea vijidudu vyake navyo vitaanza kula. Kila dakika ya ubishi ilikuwa na bei yake. Tuhuma ilitolewa watu wamenyamaza. Sahihisho limetolewa watu wanaburuta viti. Alikitua kikombe chake mezani, na wawili watatu wakaacha kukoroga.

Nikuulize wewe, msomaji wangu, ungekuwa ndiye uliyekalia kiti kile: ungewahi sanduku lako, au ungemwambia Daktari arudie kwa sauti?